Ekari nane za pori Muheza: fungueni nusu ekari kwanza

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumeishi Dar es Salaam miaka kumi na mmoja. Mwaka jana tulinunua ekari nane za pori wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Hakuna nyumba, hakuna kisima, hata njia ya gari haifiki. Kuna miti, vichaka, na kijito kidogo mpakani. Tunataka kuhamia Januari, tuishi hukohuko na tule jasho letu. Mume wangu anataka tukodi katapila lisafishe ekari zote kabla ya masika, tupande mahindi na michungwa. Mimi naogopa akiba yetu itaishia hapo. Karatasi ya mauziano tunayo, ina sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mmeandika kabla ya kukodi kitu, maana wengi huniandikia baadaye.

Katapila lisiingie. Mwaka wa kwanza fungueni nusu ekari, basi. Zile saba na nusu ziacheni kama zilivyo, mzitembee tu, mzijue. Mpe mumeo asome mwenyewe, asione kwamba umepata mzee wa kukutetea. Nia yake naielewa: mwanamume aliyetoka mjini anataka aamke asubuhi aone shamba. Ila atazame hesabu ya palizi.

Kufyeka hufanywa mara moja. Palizi haina mwisho. Mtu aliyezoea jembe la mkono hupalilia ekari moja kwa muda wa wiki nzima, na huyo ni mtu ambaye viganja vyake vilishaota sugu. Mahindi yanataka palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili au tatu tangu kuota, la sivyo yanadumaa na hayarudi tena. Sasa nyinyi ni wawili, ekari nane. Hata mkiwa na nguvu za wenyeji, mtahitaji wiki nne kufika mwisho wa shamba, na mkifika mwisho, mwanzo umeshafunikwa. Itabidi mkodi vibarua, na wakati huo kila mtu kijijini analima chake, kwa hiyo watakuja kwa bei yao. Akiba unayoiogopea haitaishia kwenye katapila. Itaishia Aprili, kwenye palizi.

Halafu kuna udongo wenyewe. Katika nchi za joto na mvua kama kwetu, majani yakianguka huoza upesi, na rutuba haikai chini sana. Iko kwenye mimea iliyosimama na kwenye tabaka la juu ambalo kina chake hakizidi sana kiganja cha mkono. Chini yake mnakuta udongo mwekundu uliochoka, ambao mvua za maelfu ya miaka zimeuosha. Nilijifunza hili kwa gharama. Nikiwa bwana shamba kijana niliazima katapila, likanifungulia ekari tano kwa siku mbili. Lile tabaka jeusi lilisukumwa pembeni pamoja na visiki, likawa matuta mpakani. Masika yalipoingia, maji yalikuta ardhi iko uchi yakachimba mifereji ya kufika magotini. Mahindi yangu yaliota ya manjano. Kilichostawi mwaka ule ni nyasi juu ya yale matuta ya pembeni. Zilinipita kichwa, kwa sababu rutuba yangu yote ilikuwa kule. Miaka sita nilibeba mbolea ya samadi na matandazo kuirudisha, na sehemu moja haijarudi mpaka leo.

Moto nao msiuguse. Mtaambiwa na majirani kwamba majivu yanalainisha ardhi, na ni kweli, msimu wa kwanza mazao hucheka. Lakini naitrojeni imekwenda na moshi, majivu yanasombwa na mvua, na baada ya misimu miwili mnahitaji kipande kingine cha kuchoma. Tena moto wa Februari ukivuka kwenda kwa jirani, au ukapanda kuelekea hifadhi ya msitu, mmejianzishia kesi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma pori. Fyekeni kwa panga, majani yalazeni hapohapo yawe matandazo, miti midogo ikateni iwe nguzo na kuni. Miti mikubwa isimame. Mkikuta mvule, kumbukeni ni mti unaolindwa, haukatwi bila kibali hata kama uko shambani kwenu. Miembe, mikwaju, mifenesi, iacheni yote mpaka mjue inawapa nini.

Lakini kabla ya panga kuna karatasi, na hapa naomba msicheleweshe hata wiki. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji haitoshi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na anayeisimamia ni Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, huku Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiwa juu yake. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na karatasi yenu, mwombe jambo lenu liingie kwenye ajenda ya kikao, na muhtasari uandikwe. Tembeeni mipaka na majirani wote wa pande zote, aliyewauzia akiwepo na wanafamilia wake, hasa mke wake na watoto wakubwa. Migogoro mingi niliyoiona haikuanzishwa na muuzaji. Ilianzishwa na mtoto wake, miaka mitano baadaye, aliyerudi kutoka mjini na kusema baba hakuwa na haki ya kuuza peke yake. Mambo yakikaa sawa, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo iandikwe majina yenu wawili. Mumeo asione vibaya. Jasho litakuwa la wawili, na mauti hayapigi hodi. Mpaka upandeni mkonge. Unadumu, hauliwi na mbuzi, na Tanga nzima unajulikana.

Michungwa msiipande kabla ya haya kukamilika. Mti wa kudumu kwenye ardhi yenye shaka ni zawadi kwa atakayewashinda barazani.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maji ndiyo yatakayoamua nyumba ikae wapi, bustani iwe wapi, na kama mtadumu. Watu hujenga pale penye upepo mzuri na mandhari ya milima, kisha wanabeba ndoo maisha yao yote.

Mmechagua Januari, na bila kujua mmechagua vizuri. Januari na Februari ni kiangazi cha kaskazi, jua kali, na ndicho kipindi cha kukijua kile kijito. Kama kinatiririka mwishoni mwa Februari, mna utajiri. Kama kimebaki madimbwi, kina kazi yake lakini msikitegemee. Ulizeni, na msiulize wanaume. Tafuteni bibi mmoja aliyechota maji katika eneo lile tangu utotoni, mkae naye, mumsikilize. Atawaambia ni mwaka gani kilikauka na watu walikwenda kuchota wapi. Angalieni pia mikuyu na matete yanaposimama mabichi wakati vingine vyote vimenyauka, hapo maji hayako mbali.

Kisima cha mkono kichimbwe mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka chini kabisa. Mtu akiwachimbia Mei atafika maji kwa mita nne, mtashangilia, na Februari mtakuta tope. Mkichimba Februari mkapata maji, masika yatawaongezea tu. Mpeni kazi hiyo fundi wa visima aliyezoea, asishuke peke yake, na kuta zijengewe. Mdomo uinuliwe juu ya ardhi na ufunikwe.

Lakini maji yenu ya kwanza yatatoka juu ya paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 30, ambalo ni nyumba ndogo tu, likipata mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida ya siku moja ya masika, linatoa lita 600 kasoro kidogo. Muheza kwa mwaka wa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,000. Hata mkitoa robo kwa ajili ya yanayopotea, paa lile linawapa lita zaidi ya 22,000. Nyinyi wawili mkitumia lita 60 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga kwa kiasi, siku 90 za ukame ni lita 5,400. Kwa hiyo simtanki la lita 5,000 pamoja na madumu ishirini ya lita 20 linawavusha. Ndiyo sababu nasema fedha ya katapila ikanunue simtanki, mabati na mifereji ya paa, na vyote viwe vimekaa mahali pake kabla ya katikati ya Machi. Maji ya kwanza ya kila msimu yamwageni, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa chemsheni. Siku kuni zikiwa mbichi, chupa safi ya plastiki iliyo angavu, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, inaua vijidudu vingi. Siku ya mawingu mengi iacheni siku mbili. Kwenye kijito msioge wala kuingia miguu mitupu pale maji yanapotulia, kichocho hukaa humo.

Nyumba ya mwaka wa kwanza iwe ya miti na udongo, vyumba viwili na baraza pana, paa la bati. Najua makuti yana ubaridi mzuri, lakini makuti hayavuni maji safi na cheche moja inatosha. Ikae juu kidogo kwenye mteremko, si bondeni kwenye mbu na unyevu, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Mchwa watakuja, hilo halina mjadala. Nguzo ziwe za mti mgumu, na mkague msingi kila wiki mkibomoa vile vijia vyao vya udongo. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Nyumba kubwa isubiri miaka miwili. Mkishajua upepo wa kusi unapiga wapi na maji ya masika yanapita wapi, mtaijenga mahali tofauti kabisa na pale mnapopaona leo, nina hakika.

Chakula. Hapa wengi hujidanganya na kalenda. Mkifika Januari hamna kitu ardhini. Mchicha wa kumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo mtaula wiki ya nne. Kunde mkizipanda mvua ikianza Machi, majani yake ni mboga ndani ya mwezi, na punje zake mtavuna kama Juni. Mahindi mabichi nayo ni Juni. Muhogo, ambao ndio nguzo yenu ya kweli, unataka miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa hiyo kati ya Januari na Juni mtakula cha kununua, na lazima kiwe ndani kabla hamjahama: magunia mawili ya mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi hawana huruma, na debe mbili tatu za maharage. Familia nyingi zilizorudi mjini hazikushindwa na nyoka wala malaria. Ziliishiwa chakula mwezi wa nne, mahindi yakiwa magotini.

Kwenye hiyo nusu ekari, robo ekari iwe muhogo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, takriban miche elfu moja, na kunde katikati ya mistari ili ardhi isibaki wazi. Robo nyingine mahindi pamoja na mbaazi, kisha kando ya jiko mipapai, migomba michache inayopokea maji ya kuogea, bamia, mnavu, pilipili. Mistari yote ikate mteremko, isishuke nao. Masika yakiwapita, kuna mvua nyepesi za mchoo Julai na Agosti ambazo Tanga hutusaidia mboga, kisha vuli Oktoba hadi Desemba.

Mbegu ya muhogo ndiyo mahali pa kuwa wakali. Pwani yote ya Tanga ina magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Batobato utaiona kwenye majani, yamejikunja na kuwa na madoa ya njano. Michirizi ya kahawia ni mwongo: shina linaweza kuonekana zuri kabisa, na mzizi ndani umeoza vipande vya kahawia. Kwa hiyo usikubali vipando mpaka mwenye shamba ang'oe shina moja na mkate mizizi yake kwa kisu mbele yenu. Ulizieni aina ya Kiroba, inavumilia michirizi. Na mwanangu, muhogo mtakaoupanda una historia ya hapohapo kwenu. Juu ya vichwa vyenu, kwenye kituo cha utafiti cha Amani huko milimani, watafiti wa miaka ya 1930 na 1940 walichanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, kutafuta kinga ya batobato. Uzao wa kazi ile ulipelekwa Nigeria, na sehemu kubwa ya mihogo inayostahimili batobato barani Afrika imetokana nao. Huwa najisikia fahari nikipita Amani.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano nacho kiko Muheza na kazi yake mojawapo kubwa ni udongo. Pelekeni sampuli kabla ya kununua mbolea yoyote. Chukueni kutoka sehemu kadhaa, kina cha kiganja, changanyeni, kaushieni kivulini.

Kuhusu michungwa, sikatai, lakini iwe mwaka wa pili au wa tatu, miche ya kubebeshwa, na isiwe ndiyo tegemeo. Muheza nzima ina machungwa, na msimu ukifika yote yanaiva pamoja, bei inaanguka. Tazameni badala yake ile miti mikubwa mumeo anayotaka iondoke. Pilipili manga hupanda juu ya mti hai, inapenda kivuli chepesi na unyevu, na chini ya Usambara Mashariki inakubali. Miaka mitatu hivi inaanza kuleta fedha, na punje kavu haziozi zikisubiri bei. Kila mti utakaouacha umesimama ni nguzo ambayo hukuilipia. Mimi ningekuwa na ekari zenu, katika zile saba na nusu ningefungua vijia tu na kupandisha pilipili manga kidogokidogo kila masika.

Mifugo: kuku kumi wa kienyeji baada ya banda la kufungwa usiku, na chanjo ya kideri ya tone la jicho kila miezi mitatu bila kukosa. Mbuzi mwaka wa pili. Ng'ombe wa maziwa bado. Nguruwe pori na ngedere watakuja kwa mahindi yenu. Nusu ekari iliyo jirani na nyumba mnaweza kuilinda, nane hamwezi.

Afya zenu. Miaka kumi na mmoja ya mjini imewapunguzia kinga ya malaria, msijilinganishe na wenyeji. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa joto. Homa ikija, kipimo siku hiyohiyo, na dawa mseto mmalize dozi. Hospitali Teule iko Muheza mjini na inaijua malaria vizuri. Ukipata ujauzito anza kliniki mapema upate dozi za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Kwa nyoka, buti za mvua mkifyeka, tochi kila hatua ya usiku, na nyasi fupi kuzunguka nyumba. Akiumwa mtu, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mtulize, kiungo kisitikisike, na safari ya hospitali ianze dakika hiyo. Kwa hiyo hakikisheni njia ya pikipiki inafika mlangoni, na namba ya bodaboda wawili mnayo. Ningeitengeneza njia hiyo kabla ya kitu kingine chochote baada ya paa.

Jambo la mwisho ni la nyinyi wawili na majirani. Huko mtakaa mchana kutwa pamoja, jambo ambalo Dar hamkuwahi kulifanya, na uchovu hufanya neno dogo liwe kubwa. Gawaneni maamuzi: mmoja awe na kauli ya mwisho juu ya maji na nyumba, mwingine juu ya shamba na mbegu, na fedha mzihesabu pamoja kila Jumapili. Akiba igawanyeni mafungu matatu tangu sasa, la paa na maji, la chakula na uendeshaji wa mwaka mzima, na la tatu lisiguswe kabisa mpaka mwaka wa pili. Kisha jitokezeni kwenye msiba wa kwanza utakaotokea kitongojini, na kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kwanza utakaopigiwa mbiu, hata kama ni wa kuchimba mtaro usiopita kwenu. Wabondei ni watu wa kushirikiana, lakini hawatawafuata. Nyinyi ndio mmekuja. Ni wao watakaowaonyesha mbegu, mafundi, na wapi panaporomoka masika.

Mkifika, chukueni kijiti kirefu mkipige alama kila sentimita kumi, mkisimike kwenye kijito pale penye kina. Kila Ijumaa andikeni maji yako alama ya ngapi, tangu wiki ya kwanza ya Januari mpaka mvua inyeshe. Niandikie namba hizo Machi, pamoja na picha ya mteremko kutoka chini kwenda juu, nikuambie kisima kichimbwe wapi na ile nusu ekari ikae upande gani.